Kipande Walichokilima Ndani ya Mashine

Binti yangu Bochaberi aliajiriwa kiwandani mwanzo wa mwaka 1977, kwa majaribio. Maana yake mwaka ukiisha wakubwa wangekaa na kusema abaki au aende. Akiambiwa aende angerudi Nairobi, kwa sababu kazi aliyoisomea haikuwepo mahali pengine huku kwetu, si Nyamira, si Kisii mjini. Na yeye akienda Nairobi, mimi ningebaki peke yangu katika boma. Mama yake, Bosibori, alikufa mwaka uliotangulia katika zahanati ambayo ilikuwa na gari jipya la mkubwa wake lakini haikuwa na dawa. Watoto wengine Mungu hakutupa. Kwa hiyo nilipokuwa nasikia wajumbe wa kiwanda wakitaja jina la binti yangu, niliacha kuni na kusikiliza.

Mimi Nyamweya nilikuwa mtu wa boila. Nilichochea moto uliokausha chai ya watu wote wa upande wetu. Kiwanda chenyewe sikitaji, wenyewe wanajijua.

Kompyuta ililetwa na wafadhili kutoka ng'ambo, wakasema ni ya kujaribu. Ukubwa wake ulikuwa kama kabati mbili za nguo zimesimamishwa pamoja. Ilijengewa chumba cha simiti chenye feni na pazia, wakati sisi wafanyakazi tulikuwa bado tunakunywa maji ya kijito. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupanga lori. Kila kituo cha majani kilipiga simu au kutuma mtu na habari ya uzito uliopimwa, Bochaberi akaingiza, na mashine ikachapa karatasi: lori hii ianze hapa, ipitie pale, ifike kiwandani saa hii. Majani mabichi hayangoji. Yakikaa kwenye magunia yanapata joto, yanageuka mekundu, na baada ya hapo ni ya kutupa.

Siku ya shida ilikuwa Ijumaa. Huku kwetu wengi ni Wasabato. Jumamosi hakuna mkono unaogusa mchai, basi Ijumaa watu wanachuma kama wanaofukuzwa, mama na watoto na jamaa waliokuja kutembea. Majani ya Ijumaa yalikuwa karibu mara mbili ya siku nyingine, na yote lazima yafike kabla jua halijazama, kwa sababu jua likizama Sabato imeingia na madereva wanazima lori. Yakibaki, yanabaki mpaka Jumapili.

Na Ijumaa hizo mashine ilikuwa inakosa nafasi. Ikifika vituo vya mwisho inasema imejaa. Bochaberi alilazimika kupanga vile vya mwisho kwa kalamu, na wenye vituo hivyo wakalalamika kwamba wanapewa lori bovu. Kulalamika walijua. Kutengeneza barabara hakuna aliyejua.

Mwezi wa nane alikuja mtu wa kampuni iliyoleta mashine. Alikula kuku kwa meneja, Bwana Manasseh Okemwa, na kati ya mapaja na kifua akamwambia kwamba ndani ya mashine kuna kipande ambacho binti yangu hakitumii. Wiki hiyohiyo ukaitwa mkutano. Wakulima walikuwa wengi, ukafanyika uwanjani karibu na rundo langu la kuni, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Bochaberi," Okemwa alisema, "ni kweli chini kabisa ya kumbukumbu ya mashine kuna mahali hapajawahi kuguswa?"

"Ni kweli, Bwana Meneja."

"Pana nini?"

"Kwa sasa hapana kitu."

Wakulima wakacheka. Mgeni asingeelewa. Shamba kwetu linaanzia juu ya kilima na kuteremka mpaka kijitoni, upana wake unaweza kurusha jiwe na kumpiga jirani. Ndugu wa tumbo moja wamepelekana kortini kwa mstari wa migomba. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba kuna ardhi haina kitu, anainuka kutafuta jembe.

"Hapana kitu," akarudia mwenyekiti, Mzee Obadiah Onchiri, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato. "Na majani yetu yanalala."

"Mzee, nieleze?"

"Eleza."

Bochaberi alisimama vizuri. Alikuwa na sauti ya mama yake, haipandi. "Ndani ya mashine kuna programu inayoongoza zote. Mimi naiita msimamizi. Nimeiandika mimi. Kazi yake ni kugawa nafasi: wewe programu ya uzito kaa hapa, wewe ya lori kaa pale. Lakini kabla haijagawa, inaweka alama mahali ambapo waliotengeneza mashine wamejiwekea. Pale chini pamewekewa siku ya stima kupotea. Stima ikikatika, mashine inabaki na nguvu ya kupepesa jicho tu. Katika muda huo inafuata maagizo yaliyokaa pale, na palepale inaandika: nilikuwa nafanya hili, nimefika hapa. Stima ikirudi, inasoma na kuendelea. Kama pamelimwa, itaamka na haijui iko wapi."

"Yaani mtengenezaji ameuza shamba akabaki na kona?" Huyo ni Ondieki, mjumbe mwenye duka Ogembo. "Kwetu tungeng'oa huo mpaka mchana kweupe."

Watu wakacheka tena.

"Stima ikipotea si tuna genereta?" Okemwa akauliza.

Tulikuwa nayo. Siku hiyo genereta ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti, inawasha taa za harusi ya kijana wake, na hakuna aliyethubutu kulisema.

"Hata ikiwepo," Bochaberi alisema, "kati ya stima kuondoka na genereta kushika, mashine imeshalala. Na hapa kwetu mvua ya alasiri haitupiti. Bwana Meneja, sio kwamba nakataa kutumia nafasi. Kuna kipande kingine, cha juu, ambacho mashine inakihitaji wakati wa kuwashwa tu. Ikishasimama haikitaki tena. Hicho nimeshakichukua tangu mwezi wa tatu, msimamizi anakigawa kama vingine. Hiki cha chini ndicho hakichukuliki."

Nilimwona Okemwa akitabasamu. Mwanangu alikuwa amesema ukweli mwingi kuliko uliohitajika.

"Kumbe kimoja ulichukua. Mashine ililia?"

"Haikulia. Lakini hicho ni tofauti."

"Tofauti ni kwamba ulichukua mwenyewe, hukuambiwa na mtu. Leo kamati inakuambia, ndipo unajua mpaka."

"Mtoto wa majaribio huyo," Ondieki akasema, na hakusema polepole.

Wakapiga kura. Mikono iliyonyanyuka ilikuwa mingi, na mingine ilikuwa ya wanawake waliomlilia Bosibori kwa sauti kuliko mimi. Kipande kilimwe. Hivyo ndivyo walivyosema, neno lenyewe, kilimwe.

Jioni Bochaberi alipika ugali wa wimbi, akaniletea nje, akaketi mbali kidogo kama ilivyo desturi. Kwetu baba na binti aliyekua wana heshima kati yao, mambo yake alikuwa akiyapitisha kwa mama yake na mama ananiletea mimi. Sasa hapakuwa na wa kupitisha. Tuliongea kama watu wawili wanaobeba meza, kila mmoja anangoja mwingine asogee.

"Tata," aliniambia, "nifanye?"

"Fanya."

"Unajua itakavyokuwa."

"Najua mwaka unaisha Desemba. Waache walime. Wakiharibu ni wao."

"Watasema ni mimi."

"Watasema. Lakini ukikataa leo utafukuzwa leo."

Alitazama nyumba. Mama yake tulimzika upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa mwanamke. Upande wa kulia palikuwa na nyasi tupu.

"Baba mdogo Nyangau anasema unapoteza ardhi. Anasema pale upande wa kulia pangetoa sukuma wiki ya kuuza soko la Daraja Mbili kila wiki."

"Nyangau anajua ni pa nani."

"Pa nani?"

"Usiniulize mambo unayoyajua. Ni pangu."

"Lakini hapana kitu."

"Sijafa bado, ndiyo maana."

Hapo akacheka, nami nikacheka, kitu ambacho hakikuwa kimetokea katika boma lile tangu mazishi. "Basi Tata," akasema, "ndivyo mashine nayo inavyosema." Nikamwambia ale ugali, unapoa.

Nilimwelewa. Na bado nikamwambia afanye, maana mimi nilikuwa nataka mtu mmoja tu katika boma, na mashine si yangu.

Akafanya. Alitoa ile alama ya kuzuia, msimamizi akaanza kugawa mpaka chini kabisa. Ijumaa iliyofuata vituo vyote viliingia, lori zote zikapata karatasi, na kabla ya saa kumi na moja magunia ya mwisho yalikuwa yanateremshwa. Okemwa alikuja mpaka kwenye boila kuniambia, "Mzee, binti yako sasa anafanya kazi." Akaninunulia soda. Nikainywa, ilikuwa baridi.

Kulikuwa na ubao wa zamani ambao Nyangate, karani wa lori wa miaka yote, alikuwa akiutumia kabla ya mashine kuja. Ulikuwa na misumari na kamba za rangi, kila msumari kituo, kila kamba lori. Bochaberi aliomba ubaki ukutani. Okemwa akasema unachafua ukuta, akautuma kwangu pamoja na kuni. Uliwaka vizuri, ulikuwa mbao kavu.

Wiki kadhaa zilipita salama. Mvua ilinyesha, stima ikakatika siku za kawaida, na mashine iliposhindwa kuamka Bochaberi aliianzisha upya kwa utepe wa karatasi uliotobolewa programu zake na kuingiza uzito wote tena. Siku ya kawaida majani ni machache, muda unatosha. Kila mara alimwambia Okemwa, na kila mara Okemwa akasema, "Si imeamka?"

Ijumaa yenyewe ilikuwa ya Oktoba. Saa tisa wingu likaja kutoka vilima vya Manga, jeusi. Radi ikapiga mara moja, feni zote za kukausha zikanyamaza. Stima ikarudi upesi, sikuwa nimemaliza hata kufunga mlango wa tanuru. Feni zikaanza kuzunguka. Nikasema, afadhali.

Halafu nikamwona Bochaberi mlangoni mwa chumba cha mashine, ameshika karatasi. Nilimwendea.

"Imekwenda kusoma mahali pake," akaniambia. "Imekuta kilo za majani ya kituo cha Kebirigo. Imezifuata kana kwamba ni maagizo. Tazama."

Sikuhitaji kusoma vizuri kuona kwamba haikuwa na maana. Lori moja ilitumwa kituo kilekile mstari hadi mstari, ukurasa mzima, na mwishoni ilikuwa namba tupu.

"Sasa?"

"Imesimama. Naianzisha upya. Lakini uzito wa leo ni wa vituo vyote, Tata. Jua litazama kabla sijamaliza."

Okemwa alifika anakimbia, tai iko begani. Akamwita Nyangate: "Panga kwa ubao wako."

Nyangate alikuwa mtu mpole. "Bwana Meneja," alisema, "ubao tumeshaunywa kwenye chai."

Wakajaribu kupanga kwa kichwa. Lori mbili zikakutana kituo kimoja na cha jirani kikakosa. Nyingine ikaenda mpaka mpakani na kurudi nusu tupu. Jua likaanza kushuka. Madereva Wakatoliki, ambao walikuwa wachache, waliendelea kuzunguka. Wasabato walianza kurudi mmoja mmoja, wakaegesha, wakanawa mikono.

"Abner," Okemwa alimwambia dereva mmoja, "mzunguko mmoja tu. Majani ya watu yanaoza."

Abner alikuwa anafunga mlango wa lori. "Mimi sina neno, Bwana Meneja. Muulize mzee wangu wa kanisa, yule pale."

Mzee Obadiah Onchiri alikuwa amesimama chini ya paa la mizani, kofia mkononi. Mwenyekiti wa kiwanda alitaka lori ziende. Mzee wa kanisa hakuweza kulisema. Alitazama jua kama mtu anayeomba limwongezee kidogo. Jua halikumwongezea. Akavaa kofia akaenda nyumbani kwa miguu, na gari lake likabaki uwanjani mpaka Jumapili.

Bochaberi alimaliza kuingiza uzito wote gizani. Mashine ikachapa karatasi nzuri, safi, ya lori ambazo zilikuwa zimelala.

Jumapili majani ya vituo vinne yaliletwa. Ukiingiza mkono katika gunia ulitaka kuutoa, joto lake lilikuwa kama la uji. Yote mekundu. Yakamwagwa bondeni, na wanawake waliochuma walisimama barabarani wakitazama kazi yao ikimwagwa. Mmoja akaniambia, "Baba Bochaberi, mtoto wako ametumaliza." Alikuwa mmoja wa walionyanyua mkono.

Siku hiyohiyo, wakati wakubwa wanahesabu magunia, Bochaberi aliingia chumbani akarudisha alama. Kipande cha chini kikawa cha mashine tena. Hakuomba ruhusa. Aliniambia mimi tu, jioni, akiwa ameketi mbali kama kawaida.

Jumatatu wakamwita ofisini, nami wakaniita, wakijua nataka nini.

Okemwa alikuwa mpole siku hiyo. "Tumekaa kama kamati. Tumeona kwamba ilikuwa radi. Radi ni ya Mungu, haina kesi. Wewe Bochaberi utawaambia wakulima kwamba radi iliunguza waya, na sisi tutakuandika kazi ya kudumu leo, hatungojei Desemba. Mzee Nyamweya, ni haki?"

"Ni haki," nikasema. Nikamgeukia binti yangu. "Sema ni radi. Radi haitakudai."

"Na kipande?" akauliza.

"Kipande kinaendelea kulimwa," alisema Okemwa. "Msimu wa majani mengi unakuja, hatuwezi kurudi nyuma. Genereta imerudi."

"Kipande nimekirudisha jana, Bwana Meneja."

Mzee Obadiah akanyanyua kichwa. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Vituo vya mwisho nitavipanga kwa mkono kila Ijumaa, mimi mwenyewe, hata kama ni usiku. Lakini nikisema ni radi, mtaniambia nilime tena, na radi itarudi. Wale wanawake watachuma tena na kumwaga tena. Siwezi, Mzee."

"Nimekuuliza ruhusa."

"Sina."

Nilitaka kumshika mkono nimtoe nje, nimwambie kama mama yake angemwambia. Lakini baba hashiki mkono wa binti mkubwa mbele ya watu, na hata nyuma yao. Nikakaa nimeshika kofia. Walimwachisha kazi saa ileile, kwa kosa la kugusa mali ya kiwanda bila idhini. Neno kulima halikutajwa. Wakulima waliambiwa ni radi, na kwamba msichana mwenyewe ameondolewa. Kama ni radi aliondolewa kwa nini, hakuna aliyeuliza. Kwetu wakubwa hawaulizwi, wanapigiwa makofi.

Alipanda basi la Nairobi Jumatano. Alinifungia unga katika madebe mawili na kunionyesha chumvi iko wapi, kana kwamba ni nyumba ya mtu mwingine.

Ijumaa iliyofuata mvua ilikuja tena. Saa tisa na kitu feni zikanyamaza. Nikaacha kuni nikaenda mpaka dirisha la chumba cha mashine. Ndani alikuwemo Nyangate, ambaye Bochaberi alimfundisha kuingiza uzito tu, si kuigusa ile alama, na alikuwa ameshika kichwa. Stima ikarudi. Mashine ikatoa sauti ndogo, ikanyamaza, halafu ikaendelea kuchapa katikati ya mstari ilipoachia, kama mtu aliyekatizwa na chafya. Nyangate akanitazama, akainua mabega. Lori zikaenda. Vituo vya mwisho alivipanga kwa kalamu. Jua lilipozama hapakuwa na gunia nje.

Hakuna aliyesema lolote. Ingesemwa nini? Hapakuwa na kitu kilichotokea.

Mwezi wa Januari Okemwa alikuja kwenye boila. Alisimama akipasha mikono, ingawa haikuwa baridi.

"Mzee, tumefungua vituo vipya. Mashine inavikataa. Yule wa kampuni amekuja, ametazama ile programu ya binti yako siku nzima, anasema afadhali aje mwenyewe aliyeiandika."

"Yuko Nairobi."

"Ndiyo maana nimekuja. Wewe ni baba yake. Mtumie neno, arudi. Kazi ya kudumu, na nyumba ya kiwanda akitaka, au alale kwako."

Alale kwangu. Nilikuwa nimepika mwenyewe tangu Oktoba, uji asubuhi, viazi jioni. Boma lilikuwa kimya hata kuku walikuwa wamezoea kulala mapema. Neno moja tu kwa dereva wa basi, na angekuja, najua angekuja, kwa ajili yangu.

"Nitamtumia," nikasema, "ukisimama uwanjani mbele ya wakulima useme ni nani aliyelima kile kipande."

Okemwa akatazama moto. "Hayo yalipita, Mzee."

"Basi na neno limepita."

"Utakufa peke yako katika boma hilo kwa ajili ya kichwa kigumu?"

"Kuni zinaingia, Bwana Meneja, jitenge kidogo usiungue."

Alijitenga, akangoja kidogo aone kama nitaongeza kitu, akaenda zake. Nilitaka Bochaberi awe nyumbani kuliko kitu chochote, hilo kila mtu alilijua, naye Okemwa alilijua kuliko wote. Ndiyo sababu alikuja kwangu badala ya kwenda kwake. Sikutuma neno. Vituo vipya walivipanga kwa kalamu msimu mzima, na jioni nilikwenda nyumbani, nikamenya viazi vya mtu mmoja.